Kituo cha Afya Kisizimike Siku ya Dhoruba

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba,

Mapema Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, boti za Dar es Salaam zilisitisha safari. Bahari ikifunga hivyo, mgonjwa wa rufaa hubaki alipo na dawa inayosubiriwa hubaki ng'ambo. Umeme wetu nao hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari hiyohiyo. Nani amesahau Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa kizani kwa miezi mitatu?

Wapo wanaosema vimbunga si vyetu. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazidja ya Komoro, kwa jamaa zetu wa damu. Na sasa bahari inazidi kupata joto, na joto hilo ndilo linalovipa vimbunga nguvu.

Hata bila kimbunga, masika peke yake yanatosha kututia hatarini. Kipindupindu tunakijua tangu karne ya kumi na tisa. Mvua kubwa ikinyesha, makaro hufurika na uchafu wake huingia visimani. Madimbwi yanayobaki huzaa mbu, na malaria, tuliyoipunguza kwa jasho la miaka mingi, hupata pa kurudi.

Siku ya dhoruba au mafuriko, kituo cha afya cha shehia yako ndicho hospitali pekee utakayoifikia. Kwa hiyo nakuombeni tukiandae sisi wenyewe, shehia kwa shehia, kabla mvua za Machi hazijaanza.

Tuanze na umeme. Chanjo za watoto wetu hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na akiba ya insulini ya mwenye kisukari ni vivyo hivyo. Friji ikizima siku kadhaa, chanjo huweza kuharibika, na insulini hupungukiwa na muda wake wa kutumika. Kila kituo kipate sola na betri za kuendesha friji na taa ya chumba cha kujifungulia. Ndugu zetu mlioko Muscat, Dubai na London, mmekuwa mkichangia misikiti na visima. Changieni na hili.

Maji yafuate. Mafundi waashi na wa mabomba wajitolee kuweka mifereji ya bati na tangi la kukinga mvua. Visima vilivyo karibu na makaro vipandishwe kuta na kufunikwa, na maji yake yatiwe dawa.

La tatu ni watu. Wahudumu wa afya wa jamii wanaijua kila nyumba. Tukae nao na sheha tuandike nani ana mimba kubwa, nani anatumia insulini, mzee gani hawezi kutembea, na nani atamchukua kila mmoja wao kabla njia haijafungwa. Kojani na Tumbatu, ambako mgonjwa lazima avuke maji kufika hospitali, wavuvi wakubaliane mapema ni chombo kipi kitakuwa tayari, kwa mafuta ya nani. Mama anayekaribia kujifungua avushwe bahari ikiwa bado shwari.

Serikali haivuliwi wajibu wake. Kuajiri wauguzi, kununua dawa na kujenga vituo mahali pasipofikiwa na maji ni kazi yake, na tuna haki ya kuwauliza wawakilishi wetu fedha ziko wapi. Tukiwafuata na orodha mkononi, yenye tangi linalokosekana na paa linalovuja, itakuwa vigumu kutupa majibu ya jumla.

Ijumaa hii, baada ya sala, mwendee sheha wako. Muombe aitishe kikao pamoja na kamati ya kituo, wanawake na vijana wakiwemo. Kikao hicho kisivunjike mpaka yajulikane majina matatu: atakayesimamia umeme, atakayesimamia maji, na atakayeishika orodha ya wagonjwa.