Ada ya kuvunja bima: gharama ya halali au adhabu?



Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu hapa Leicester, anarudi Tanga moja kwa moja baada ya miaka kumi na minne. Gari aliliuza wiki moja kabla ya safari, akapiga simu kwa kampuni yake ya bima kuwaarifu kwamba hana gari tena. Bima ya mwaka mzima ilikuwa pauni 720, kalipa zote kwa mkupuo, na alikuwa ametumia miezi mitatu tu bila ajali wala dai lolote. Kwa hesabu ya darasa la nne, miezi tisa iliyobaki ni pauni 540. Alirudishiwa 432. Kuuliza, akajibiwa kwamba 60 ni ada ya kuvunja bima, na 48 ni gharama za kuifungua ambazo hazirudishwi. Eti yameandikwa kwenye mkataba, ukurasa wa 31.

Sasa mimi si adui wa kampuni za bima. Wakala kalipwa kamisheni yake mapema, taarifa zimekaguliwa, hati zimetolewa, na hizo ni gharama za kweli. Tena kama kila mtu angekata bima kwa ule mwezi wa hatari tu kisha akajitoa, wanaobaki mwaka mzima ndio wangembeba. Na aliyekwisha kulipwa fidia asidai kurudishiwa kitu, maana fungu lake kashalila. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu uko kwenye mizani. Chukueni hati ya bima ya gari ya mtindo ule wa zamani tuliorithi kwa Mwingereza, ambayo bado mtaikuta Kenya na kwingineko alikotawala. Kampuni ikitaka kuvunja, inatoa notisi ya siku saba na kurudisha fedha kwa hesabu ya siku zilizobaki. Wewe ukitaka kuvunja, hesabu inageuka, unakatwa kwa viwango vya muda mfupi, ambavyo ni vikubwa kuliko siku ulizotumia. Mkataba ni mmoja, lakini akitoka mwenye nyumba kipimo ni hiki, akitoka mpangaji kipimo ni kile!

Hapa Uingereza sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inasema sharti linalomwelemea mteja kupita kiasi, kinyume cha nia njema, halimfungi. Na katika mifano ya masharti yanayoweza kuwa ya dhuluma limo hili la mfanyabiashara kubaki na fedha za mteja aliyejitoa, ilhali mwenyewe akijitoa hamlipi mteja kiasi kama hicho. Vilevile mteja ana siku 14 za kubadili mawazo, akakatwa siku alizotumia na gharama zinazostahili. Tatizo ni kwamba maisha hayavurugiki ndani ya siku 14.

Watatokea wa kusema, "Si ulisaini mwenyewe?" Nilisaini, ndiyo, lakini kuendesha gari bila bima hapa ni faini ya pauni 300 na pointi sita kwenye leseni. Mteja hana hiari ya kutonunua. Hiari yake ni kuchagua kampuni, na anachagua kwa bei anayoiona, wakati ada ya kujitoa mara nyingi imelala kwenye maandishi madogo. Na hebu tujiulize, ni nani huvunja bima katikati ya mwaka? Aghalabu ni mtu ambaye maisha yake hayajatulia: kazi imekwisha, viza imekwisha, au kuna msiba nyumbani. Hao ni sisi.

Kama ada inafidia gharama za kweli, basi iandikwe kwa pauni ukurasa wa kwanza, kando ya bei, na kampuni ieleze imeipataje. Wakishindwa kuieleza, hiyo ni adhabu.

Kwa mnaolipa kila mwezi, nawasihi msikate malipo benki kimya kimya. Mpango ule kwa kawaida ni mkopo. Kampuni itavunja bima yenyewe, deni litabaki, na huko mbele utaulizwa kama uliwahi kuvunjiwa bima. Ukijibu ndiyo, bei inapaa au unakataliwa kabisa. Bora uandike barua, ulipe usichokubaliana nacho, kisha ulalamike. Kampuni ina wiki nane za kujibu. Isipojibu, au jibu lisipokuridhisha, unakwenda Financial Ombudsman Service bila kulipa hata senti, ila usipitishe miezi sita tangu upate jibu lao la mwisho.

Jirani yangu kafika Tanga salama. Malalamiko tuliyaandika pamoja kwa barua pepe, na hii ni wiki ya tatu. Bado hawajajibu.

Naomba kuwasilisha.