Umefika Kisii kwa Masaa Manne? Umeokoa Dakika 42 Tu

Naanza na kukiri kosa. Desemba iliyopita niliweka vidio mtandaoni: dashibodi, saa ya simu, soko la Keroka likipita kwa dirisha, na maandishi makubwa juu yake, "Nairobi–Kisii, masaa manne." Ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka. Wiki mbili baadaye nikaitoa. Wengi mliniuliza kwa nini na sikujibu. Leo nawajibu, kwa sababu Desemba inakuja tena, na najua kuna msee mahali anapanga kuvunja hiyo rekodi yangu ya kijinga.

Kwanza, ukweli wa hiyo safari. Nilikuwa nimekodi gari ndogo kwa beshte yangu. Ndani tulikuwa wanne: mimi kwa usukani, binamu zangu wawili, na shangazi yangu aliyeomba lifti kwa sababu nauli ya Desemba inapanda kama moshi. Mpango ulikuwa tutoke saa kumi na mbili asubuhi. Tulitoka saa tano. Mbona? Kwa sababu nilikuwa kwa kinyozi. Ndiyo, kinyozi. Watu watatu walikaa kwa gari na mizigo yao wakiningoja ninyolewe, kwa sababu sikutaka kufika ocha nikiwa na nywele za wiki tatu.

Mtu akiacha kampasi mwaka wa pili kama mimi, kila akifika nyumbani kuna swali linamngoja getini: "Na sasa unafanya nini?" Mjomba anauliza, jirani anauliza, hata mzee anayepitisha ng'ombe anauliza. Sasa hiyo gari, hiyo nywele, na kufika wakati watu wote wamekusanyika kwa sherehe ya familia saa tisa, hilo ndilo lilikuwa jibu langu. Nilitaka wanione nikiingia. Kwa hivyo ile spidi yote mliyoona kwa vidio haikuanzia barabarani. Ilianzia kwa kinyozi.

Kitu ambacho hamkuona, kwa sababu nilikikata, kilitokea kwa zile kona za Ntulele, kabla ya Narok. Shangazi alikuwa ameshasema mara mbili, "Mwanangu, punguza kidogo." Mara ya kwanza nikasema sawa. Mara ya pili binamu yangu akaongeza muziki. Mbele yetu kulikuwa na trela inajikokota. Nikaona nafasi, nikatoka kuovateki, na katikati ya kuovateki lori likatokea kwenye kona. Sikuwa na spidi ya kumaliza wala nafasi ya kurudi. Aliyetuokoa ni dereva wa trela. Alikanyaga breki akanifungulia nafasi, nikaingia mbele yake, na lile lori likapita likipiga honi ambayo bado naisikia. Huyo dereva sikuwahi kumwona sura. Hajui kwamba aliokoa watu wanne ili mmoja wao aweke vidio.

Shangazi hakusema neno. Hakunigombeza hata tulipofika. Lakini siku ya kurudi Nairobi alisema ana shughuli Keroka, tusimngoje. Baadaye nikaambiwa alirudi na matatu. Alilipa nauli mara mbili ya kawaida badala ya kupanda gari yangu bure.

Hata hivyo vidio sikuitoa wakati huo. Niliitoa kijana mmoja wa Nyamira alipoandikia simu yangu. Ana miaka 19, amepata leseni juzi, na swali lake lilikuwa moja tu: "Bro, hapo Narok–Bomet ulikuwa unachapa ngapi?" Alitaka kufanya masaa matatu na nusu. Nilikaa na hiyo simu mkononi nikaona kwamba mimi ndiye niliyempa mtihani, na karatasi ya kujibia ni barabara.

Sasa tufanye hesabu. Kampasi niliacha lakini kugawanya bado ninajua.

Kutoka Nairobi hadi Kisii kupitia Mai Mahiu, Narok na Bomet ni kama kilomita 310. Gawanya kwa masaa manne: unapata wastani wa kilomita 77 kwa saa. Inaonekana kidogo, si ndio? Hapo ndipo tunadanganyika. Wastani unahesabu kila kitu. Unahesabu kutoka Nairobi hadi Rironi. Unahesabu mteremko wa Mai Mahiu nyuma ya malori. Unahesabu matuta ya Suswa, mji wa Narok, Mulot, Longisa, Bomet, Kaplong, Sotik, na soko la Keroka ambalo siku ya soko watu na ndizi wote wako barabarani. Ndani ya miji na vituo vya biashara sheria yenyewe inasema usizidi kilomita 50 kwa saa.

Tuseme sehemu hizo zote ukizijumlisha ni kilomita 110, na unazipita kwa wastani wa 50. Hapo umetumia masaa mawili na dakika 12. Zimebaki kilomita 200 za barabara wazi. Ili ufike kwa masaa manne, hizo 200 lazima uzimalize kwa saa moja na dakika 48. Huo ni wastani wa kilomita 111 kwa saa, kwa barabara ambayo mbele yako kuna lori na upande wa pili kuna lori. Kupata wastani wa 111 pale, lazima mara nyingi uwe 130 na zaidi. Hakuna njia nyingine.

Na ukitulia kwa 80? Hizo kilomita 200 zinachukua masaa mawili na nusu. Jumla ya safari ni masaa manne na dakika 42. Soma tena. Tofauti kati ya shujaa wa TikTok na mtu anayeendesha kama ana mama ni dakika 42. Mimi nilikaa kwa kinyozi zaidi ya hapo.

Na dakika 42 unazinunua kwa bei gani? Ukitoka 80 ukafika 120, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimaliza haiongezeki kwa nusu. Inakuwa mara mbili na robo. Yaani umbali wa breki kusimamisha gari unakuwa zaidi ya mara mbili, kabla hata hujahesabu ule muda ubongo wako unachukua kushtuka. Ng'ombe wa Ololulung'a hajui hiyo hesabu. Yeye anavuka tu.

Na hii barabara ina historia. Agosti 2013 basi lililotoka Nairobi usiku lilipinduka hapo hapo Ntulele, watu 41 wakafa. Wewe unayesema utapitia Nakuru na Kericho kwa sababu barabara ni nzuri, kumbuka Juni 2023 pale Londiani, lori lilivamia watu kando ya barabara na zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Wengi wao hawakuwa hata kwa gari. Walikuwa wanauza, wananunua, wanangoja matatu.

Najua mtaniambia serikali ndiyo ya kulaumiwa. Ni kweli. Kuna matuta hayana rangi, kuna sehemu hakuna nafasi ya mtu wa miguu, kuna malori hayana taa za nyuma na yanapita mbele ya askari wa trafiki mchana kweupe. Mwezi Machi 2018 barabara ya Mai Mahiu–Narok ilipasuka ikaacha shimo pale Suswa, na Aprili 2024 mafuriko yakaua makumi ya watu Mai Mahiu. Tuendelee kupiga kelele kuhusu hayo. Lakini hakuna waziri aliyenilazimisha kuovateki kwenye kona. Kuna sehemu ya hii safari ambayo ni yangu, na hiyo sehemu inapangwa kabla ya kuwasha gari.

Kwa hivyo huu ndio mpango wangu wa mwaka huu. Uibe.

Kwanza, saa ya kuondoka. Saa kumi na mbili asubuhi, si saa tano. Mteremko wa Mai Mahiu unaushuka kukiwa na mwanga. Unaelekea magharibi, kwa hivyo jua la asubuhi liko nyuma yako. Ukitoka mchana litakuwa linakupiga machoni kuanzia Bomet. Na kila mtu wa Gusii anajua mvua yetu inapenda alasiri. Mimi nilifika Keroka saa nane na nusu, mvua inamwagika, barabara inateleza, matairi yangu yamekwisha kama sabuni. Ukitoka saa kumi na mbili na ukae kwa 80, hata ukisimama mara mbili nusu saa nusu saa, unaingia Kisii karibu saa sita mchana. Wa Nyamira mnaokata kona Chebilat kuelekea Ikonge, na nyinyi mtakuwa nyumbani kabla ya mawingu.

Pili, vituo viandikwe kabla. Narok ni kama nusu ya njia: chai, choo, nyoosha miguu. Kisha Bomet au Kaplong, hata kama hujachoka. Ukingoja uchoke ndipo usimame, umeshaendesha nusu saa ukiwa umechoka.

Tatu, gari ikaguliwe jana yake, si asubuhi hiyo. Upepo wa matairi pamoja na la akiba, breki, taa, waipa, jeki, zile pembetatu mbili za kuweka barabarani. Mafuta ya kutosha; EPRA hutangaza bei kila tarehe 14, kwa hivyo bajeti haiwezi kukushtua ukitaka kuijua. Ukiteremka Mai Mahiu tumia gia ndogo, hata kama gari ni otomatiki. Ukikanyaga breki mteremko mzima zinapata moto na zinaweza kukuangusha pale unapozihitaji.

Nne, na hii ndiyo kubwa kwangu: abiria akisema "punguza," dereva anapunguza. Mara moja. Bila mjadala, bila kuongeza muziki, bila kuuliza "kwani unaogopa?" Mnakubaliana hivyo kabla ya kutoka, mkiwa bado mnacheka. Aliye nyuma anaona kitu ambacho wewe huoni: anakuona wewe.

Tano, usiwaambie watu wa nyumbani saa. Waambie "tutafika mchana." Ukisema saa saba kamili, ikifika saa saba kasorobo na uko Sotik, utaanza kukimbizana na mdomo wako mwenyewe.

Na simu ishikwe na mtu mwingine. Kama uko peke yako, hiyo siku hakuna kontenti. Mimi ninayelipwa na kontenti ndiye ninakuambia.

Na wewe wa kupanda matatu, usidhani haikuhusu. Gari ya abiria nchini hairuhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Dereva anakimbizwa na hesabu ya tajiri na idadi ya safari za siku, naelewa. Lakini ndani mko kumi na zaidi, na mara nyingi mmoja akiongea wengine wanapata sauti. Shida ni kila mtu anangoja mwenzake aanze. Anza wewe. Utaitwa muoga kwa dakika tano. Utazoea.

Yule kijana wa Nyamira nilimpigia simu badala ya kumwandikia. Nilimwambia kuhusu lile lori. Nilimwambia na kuhusu shangazi. Alinyamaza, kisha akasema, "Lakini kwa vidio ilikaa poa." Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli, ilikaa poa. Ndiyo maana nimeandika hii.

Mwaka huu sitaweka saa nilizotumia. Nitaweka chai ya Narok, majani chai ya Borabu, na karanga za Keroka. Na wakiniuliza nyumbani sasa ninafanya nini, nitawajibu kwa mdomo, hata kama jibu bado halijakamilika.

Natoka saa kumi na mbili. Kwa kinyozi nitaenda jana yake. Kuna kiti kimoja nyuma, na nimempigia shangazi kumwambia ni chake. Amesema atafikiria.