SHEFU, WEWE UNAONGOZA NAMNA GANI?



Mashefu wengi wanapenda mithali hii: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ni kweli. Lakini chini ya ardhi inafaa tuongeze upande wa pili: mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya wengine.

Tukiangalia ekipe zetu, tutaona mashefu wa namna tatu.

Wa kwanza ni shefu wa amri. Yeye anasema, wengine wanatenda. Maulizo hayapendi.

Wa pili ni shefu wa mashauri. Mbele ya kuanza kazi anakusanya watu wake, anawaeleza kazi ya siku, anauliza: "Nani ameona jambo?" Kisha yeye mwenyewe anakata shauri.

Wa tatu ni shefu wa kuachilia. Anagawanya kazi, halafu haonekani tena mpaka saa ya kupanda juu. Watu wanamsifu kuwa mwema, kwani hagombezi mtu. Huyu ndiye wa hatari kuliko wote.

Mambo haya yalipimwa zamani. Mwaka 1939, Kurt Lewin na wenzake wawili waliandika juu ya majaribio waliyofanya huko Iowa, Marekani, na vikundi vya watoto wanaume wa miaka 10 hivi waliopewa kazi za mikono. Penye kiongozi wa amri, kazi ilikwenda wakati yeye yuko pale. Alipotoka, ilipungua mara moja. Penye kiongozi wa mashauri, watoto waliendelea hata alipotoka. Penye kiongozi wa kuachilia, kazi ilikuwa ndogo.

Mfanyakazi wa mgodi anaelewa maana yake upesi. Shefu hawezi kusimama karibu na kila mtu. Jiwe la dari halingoji arudi. Kama watu wanaangusha mawe yaliyolegea kwa sababu tu shefu anawatazama, basi akigeuka, usalama nao umekwisha.

Je, amri ni mbaya? Hapana! Moshi ukionekana, hakuna baraza. Baruti ikikataa kulipuka, hakuna kura. Saa hiyo shefu aseme neno moja, na watu wote watii. Lakini watu hutii upesi yule waliyezoea kumwamini, na imani hiyo inajengwa katika siku za amani.

Tazameni wenzetu wa shaba huko Chile. Tarehe 5 Agosti 2010 mgodi wa San José uliporomoka, na watu 33 wakafungiwa karibu mita 700 chini. Siku 17 zilipita mbele ya watu wa juu kujua kama wako hai. Shefu wa posti yao, Luis Urzúa, alichora ramani ya nafasi waliyokuwa nayo, na kazi ziligawanywa kwa vikundi. Chakula kidogo kilipimwa kwa kijiko. Kwa mambo makubwa walipiga kura, kila mtu kura moja. Tarehe 13 Oktoba 2010 wote 33 walitolewa, na Urzúa alitoka wa mwisho. Huyo alikuwa na amri, na alikuwa na masikio vilevile.

Sasa, shefu, ujipime mwenyewe kwa maulizo matatu:

1. Ni lini mtu wako alikuja kukuambia, "Shefu, dari hii inalia"? Alikuta uso gani? Kama hakuna anayekuja, usifikiri mgodi umekuwa mzuri. Pengine watu wanakuogopa kuliko jiwe.

2. Ukiondoka saa moja, dari itapimwa sawa na ukiwapo?

3. Kijana aliyeingia kazini juzi, anajua kwamba anaweza kujiondoa mahali pa hatari kubwa? Haki hiyo imeandikwa katika Mapatano namba 176 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, ya mwaka 1995, juu ya usalama katika migodi.

Wengine watasema: "Tukisikiliza kila mtu, tani zitapotea." Sisi tunasema: dakika 10 za kusikiliza zinalipwa siku hiyo hiyo. Dari ikianguka, kazi inasimama siku nyingi, na mtu aliyekufa halipwi kwa tani yoyote.

Nanyi wafanyakazi, masikio ya shefu hayana kazi kama vinywa vyenu vimefungwa. Semeni kwa heshima, lakini semeni mapema.

Shefu, si lazima uwe mkali kama fulani ao mpole kama fulani. Shika njia inayofaa tabia yako, mradi kila mtu wa ekipe aweze kukuambia habari mbaya bila woga. Jioni bibi zao na watoto hawataulizia tani. Watahesabu watu wanaorudi nyumbani.