Nyama Yako, Mifupa Yangu

Ndugu yangu, na wewe ulikabidhiwa chuoni, kwenye chuo cha Kurani, kwa maneno hayo?

Mimi nilikabidhiwa hivyo, kijijini Narung'ombe, alfajiri, nina miaka sita. Baba kanishika mkono, kamwambia maalimu: "Nyama yako, mifupa yangu." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Na nyama ikaliwa kweli. Ukikosea herufi, fimbo. Ukichelewa, fimbo. Msimu wa korosho ukifika, mbao tunaziweka kando, tunaingia kwenye mikorosho ya maalimu kuokota mpaka adhuhuri, tukiambiwa tunatafuta radhi. Ukiuliza aya hii ina maana gani? Fimbo, tena ya mpera, ile isiyovunjika upesi. Nilihitimu msahafu mzima bila kujua nimesoma nini. Nyumbani wakachinja jogoo.

Sisemi maalimu alikuwa mtu mbaya. Mtoto wa jirani akishikwa na homa usiku, yeye ndiye aliyegongewa mlango. Naye alilelewa kwa mpera huohuo.

Lakini tuache kujidanganya kuwa hiyo ndiyo dini. Dini ipi? Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10, na mwenyewe kasimulia kuwa hakuwahi kuguniwa hata "ufu". Ibn Khaldun aliandika mwaka 1377 kuwa mwanafunzi anayelelewa kwa ukali huishia kuwa mwongo na mwenye hila. 1377! Sisi bado tunakata mipera.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, tunasema. Haya, sisi tuliolizwa mpaka sauti zikakauka, mbona bado tunalia?

Mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo ya wengi yakakawia. Nikaenda kwenye mkutano wa kuulizia malipo hayo. Watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, wameinamisha vichwa kama wako mbele ya ubao. Mwenye swali? Kimya. Mwenye swali? Kimya. Hata mimi, mwandishi wa makala kali, nilikaa juu ya mikono yangu. Swali nilikuwa nalo. Mgongo ulikataa.

Umelala, ndugu yangu! Shuleni angalau kanuni inasema viboko visizidi 4, tena viandikwe kitabuni. Chuoni nani anahesabu? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumtesa na kumdhalilisha mtoto. Nani amewahi kuisoma pale chini ya mwembe? Wewe? Unasubiri nani akusomee?

Juzi shemeji yangu kampeleka mwanawe chuoni, nami nikamsindikiza. Tulipofika akasema maneno yaleyale. Maalimu akacheka, shemeji akacheka.

Nikajikuta na mimi nacheka. Mtoto alikuwa ananitazama.