Mwanablogu wa Biashara Asiyesoma Wenzake

Chini ya kilima cha Mbuya kuna Nakawa, pamoja na soko lake na Chuo cha Biashara cha Makerere. Kuna Bugolobi, ambako Bodi ya Masoko ya Kahawa ilikuwa na kiwanda chake enzi za ukiritimba. Kuna Kinawataka na mafundi wake, na kuna Barabara ya Jinja inayopitisha malori ya Mombasa usiku na mchana. Mtu anayetaka kuandika habari za biashara hapa hawezi kulalamika kwamba hana cha kuandika. Hata hivyo, blogu nyingi za biashara zinazoanzishwa na wanafunzi wenzetu zinafanana kama sare za shule: njia tano za kupata mtaji, tabia saba za matajiri, makosa kumi ya mjasiriamali. Futa jina la mwandishi, na hutajua kama aliandika akiwa Kampala, Lagos au Manila.

Watu husema vijana hawa ni wavivu. Sikubaliani nao. Wengi huandika usiku baada ya vipindi, na data wanainunua kwa pesa zao wenyewe. Kasoro iko kwingine: hawasomi kwa utaratibu wenzao wanaoandika kuhusu mambo hayohayo. Wanasoma kile ambacho simu imewaletea. Nami nadai kwamba mwanablogu wa biashara asiye na orodha yake mwenyewe ya blogu anazozifuatilia, orodha aliyoichagua na anayoisoma kwa ratiba, bado hajaanza kazi. Anarudia tu alichosikia jana.

Tuanze na hiyo simu. Ukimfuata mwandishi mwenzako kupitia mtandao wa kijamii, huoni kila anachoandika. Kampuni yenye mtandao huo ndiyo inayochagua uone nini na kwanza kipi, na inachagua kwa kupima kitakachokufanya ukae muda mrefu mbele ya matangazo yake. Uchambuzi mkavu wa bei za mahindi haumfanyi mtu akae. Mzaha unamfanya akae. Kwa hiyo mwandishi wa mahindi anazama, mchekeshaji anaelea, na wewe unaamini kwamba hakuna mtu aliyeandika kuhusu mahindi wiki hii.

Sisi wa Uganda tuna sababu nyingine ya kutoutegemea mlango huo. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mtu anayetumia Facebook, WhatsApp, Twitter na mitandao mingine ya aina hiyo. Tovuti za kawaida hazikuguswa na kodi ile. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa. Intaneti iliporudi, Facebook iliendelea kufungiwa. Mwanablogu aliyewafuata wenzake wote huko Facebook alijikuta ama anatafuta VPN, ama hana habari nao tena. Blogu zenyewe hazikuwa zimekwenda popote. Zilikuwa palepale kwenye anwani zake, ila yeye hakuwa ameziandika anwani hizo mahali popote. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mbachao wetu upo, tena ni wa bure. Unaitwa mlisho. Blogu nyingi hutoa faili dogo linalotaja kichwa cha kila makala mpya, tarehe yake na kiungo chake. Teknolojia hii, inayojulikana kama RSS, ilianza mwaka 1999. Unachukua anwani ya blogu, unaiweka katika programu ya kusomea milisho kama Feedly, na makala mpya zinakujia zenyewe. Kwa blogu nyingi zilizojengwa kwa WordPress, inatosha kuongeza neno feed mwishoni mwa anwani. Programu unaweza kuiambia ipange makala kwa tarehe, na ikapanga hivyo. Na kwa kuwa mlisho kwa kawaida ni maandishi zaidi ya kitu kingine, unakula data kidogo mno ukilinganisha na video zinazojicheza zenyewe. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo tangu Julai 2021 inatoza ushuru wa asilimia 12 juu ya data.

Kuna watakaosema kwamba teknolojia hii imekufa, kwa ushahidi kwamba Google waliifunga programu yao ya Google Reader tarehe 1 Julai 2013. Mfano huo unathibitisha hoja yangu. Programu ilikufa, lakini orodha hazikufa. Mtumiaji aliweza kuitoa orodha yake yote kama faili moja na kuipeleka kwenye programu nyingine. Hebu jaribu kuwahamisha marafiki zako wa Facebook namna hiyo.

Swali gumu zaidi ni nani awemo kwenye orodha. Wengi wakishaambiwa wafuatilie blogu za biashara, hukusanya mia mbili na kuziacha zote baada ya wiki mbili. Neno biashara ni pana kama Ziwa Nyanza. Huwezi kuvua lote kwa ndoana moja. Chagua uga mwembamba, kisha tafuta wanaouandika kutoka pande zote: anayezalisha, anayesafirisha, anayenunua, anayetoza kodi. Blogu kumi na tano zinatosha. Zisome kwa siku mbili maalumu katika wiki. Kila mwisho wa muhula, ondoa zilizokufa na uongeze mpya.

Chukua kahawa, ambayo hakuna mwanafunzi wa Uganda anayeweza kusema haimhusu. Novemba 2024 Bunge lilipitisha mswada wa kuirudisha mamlaka ya kahawa, UCDA, ndani ya Wizara ya Kilimo. Mjadala ulikuwa mkali, na karibu kila aliyeandika alizungumzia vyama na viongozi. Mwandishi ambaye alikuwa akifuatilia habari za kahawa za Tanzania angekuwa na cha kuongeza. Angejua kwamba mwaka 2018 serikali ya huko iliagiza kahawa ya wakulima ipitie vyama vya ushirika na mnadani. Angejua neno butura, ambalo watu wa Kagera hulitumia kwa biashara ya kununua kahawa ya mkulima ikiwa bado mtini, kwa bei ya kumnyonya. Angejua pia kwamba kahawa ya Kagera imekuwa ikivushwa kwa magendo kuja kwetu kila bei ya upande huu inapovutia. Haya yote yanamgusa mfanyabiashara wa Kampala anayenunua magunia bila kujua bei ya upande wa pili wa mpaka imepanda au imeshuka. Akikosea, hasara ni yake na ya mkulima. Mwandishi aliyemnyima habari hapati hasara yoyote.

Na habari hizo kwa sehemu kubwa huandikwa kwa Kiswahili. Hapa nawasemesha hasa wenzangu tunaosoma lugha hii. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, nasi tukashangilia. Kisha tukarudi kwenye simu zetu kufuatilia blogu za Kiingereza peke yake. Mwanafunzi wa biashara asiyejua Kiswahili ana udhuru. Sisi hatuna. Tunaweza kusoma Moshi, Bukoba, Mombasa na Goma bila mkalimani, na uwezo huo tunauachia utumike kwenye chumba cha mtihani tu.

Kufuatilia kuna ndugu yake wa uongo, nako ni kunakili. Katika Afrika Mashariki tumezoea kuona makala moja katika blogu sita, picha ileile, makosa ya tahajia yaleyale, na jina la aliyeiandika kwanza limepotea njiani. Anayefanya hivyo hujitetea kwamba anafuatilia wenzake. Anawaibia. Kufuatilia ni kusoma alichosema mwenzako, kumtaja kwa jina, kuweka kiungo cha kwake, kisha kuongeza kile ambacho hakukiona: bei ya Nakawa, gharama ya kusafirisha, au sababu ya kutokubaliana naye. Wanablogu wa mwanzo katika kanda hii walilielewa jambo hili. Blogu nyingi za miaka ile zilikuwa na orodha ya wenzao pembeni mwa ukurasa, na msomaji aliweza kutoka kwa Ndesanjo Macha na kupita kwa wengine hadi usiku ukaisha. Orodha ile ilikuwa adabu, na ilikuwa soko pia, kwani kila mmoja alimletea mwenzake wasomaji.

Najua pingamizi: kwa nini nimpeleke msomaji wangu kwa mshindani? Nendeni soko la Nakawa mkaulize. Muuza nyanya anajua bei ya jirani yake, anajua mzigo wa jirani umetoka wapi, na mteja akitaka asichokuwa nacho, humwelekeza meza ya tatu. Mteja huyo hurudi, kwa sababu ameona kwamba huyu anajua soko. Mwanablogu anayejifanya yuko peke yake ugani hajawashinda wenzake. Amemwambia msomaji tu kwamba hawajui.

Tena wenzetu hawa si wengi wala hawana uhakika wa kesho. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wapate leseni kwa ada zilizozidi shilingi milioni mbili, na wapo waliofunga kwa sababu hiyo. Hapa kwetu Tume ya Mawasiliano nayo imewataka wanaochapisha mtandaoni wajisajili. Blogu ndogo ikibanwa na sheria juu na ikipuuzwa na waandishi wenzake chini, itaishi kwa nini?

Kwa hiyo napendekeza jambo ambalo wahadhiri wetu wanaweza kulianza muhula huu bila bajeti. Mwanafunzi anayeleta makala ya biashara alete pamoja nayo orodha ya blogu kumi na tano anazozifuatilia, tano kati yake za Kiswahili, na aeleze kwa sentensi moja kila moja imemfundisha nini mwezi huo. Asiye na orodha arudishiwe makala yake. Na mwenzangu anayeona nimetia chumvi, asinijibu kwa maneno. Anioneshe orodha yake.