Barua ya wazi kwa Msajili wa Mahakama Kuu ya Kenya: tuonyeshe mlango wa kubisha

Mheshimiwa Msajili,

Nakuandikia nikiwa mama, na mjumbe wa bodi ya shule moja ya msingi huku pwani. Muhula uliopita tuliajiri mpishi na dereva wa basi. Tuliwadai kitambulisho, barua ya chifu na namba ya simu ya mdhamini, nao wakaleta. Kisha mjumbe mwenzetu mmoja akauliza: tutajuaje kama kuna aliyewahi kufungwa kwa kunajisi mtoto? Tukatazamana. Jumatatu yake dereva akaanza kazi, akiwachukua watoto wa miaka 5 majumbani kwao kabla hakujapambazuka.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, ile aliyoipigania bungeni Njoki Ndung'u akiwa mbunge wa kuteuliwa, ilikupa wewe daftari la waliotiwa hatiani. Kifungu cha 39 cha sheria hiyohiyo kinasema mkosaji hatari anayeficha hukumu yake anapoomba kazi ya kuwatunza watoto anatenda kosa jingine. Nimekisoma tena na tena. Kinamtegemea mkosaji ajitaje mwenyewe, na asipojitaja, kosa litajulikana baada ya mtoto mwingine kuumizwa.

Hili haliwezi kungoja. Sheria hiyo inaamuru kifungo kisichopungua miaka 15 kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 16 au 17. Aliyehukumiwa miaka 15 mwaka 2007 alikimaliza mwaka 2022, hata kama hakupunguziwa siku moja. Ametoka, na ana haki ya kutafuta riziki. Ila si ndani ya basi la chekechea.

Najua Tume ya Kuwaajiri Walimu huyatangaza majina ya walimu iliowafuta. Mlinzi wa usiku, matroni wa bweni, ustadhi wa madrasa na kocha wa mpira hawamo humo. Kipo pia cheti cha polisi cha maadili mema. Binti zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia hudaiwa cheti hicho kabla ya kupanda ndege. Anayelala jengo moja na watoto wetu hakudaiwa.

Wapo watakaosema majina yabandikwe ukutani na watu hao wafukuzwe mitaani. Siungi mkono, na naomba usikubali kusukumwa huko. Mwaka 2005 kaunti ya Miami-Dade, kule Florida, Marekani, iliwakataza waliowahi kuwanajisi watoto kuishi ndani ya futi 2,500 kutoka shule, yaani karibu mita 760. Wakakosa nyumba. Makumi yao wakahamia chini ya daraja la Julia Tuttle, kwenye mahema, hadi kambi ilipoondolewa mwaka 2010. Mtu asiye na anwani, afisa atamfuatilia wapi? Na hapa kwetu, chora duara la mita 760 kuzunguka kila shule na kila madrasa ya Kisauni, uone kama patabaki chumba cha kupanga.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mara nyingi mkosaji ni baba wa kambo, mjomba au jirani wa mlango wa pili. Ukilibandika jina lake kijijini, umembandika na mtoto. Kila mtu atajua ni nani, naye atakwenda kisimani akinyooshewa vidole.

Ninachoomba ni kidogo. Kila mahakama iwe na dirisha ambapo mwalimu mkuu, kwa idhini ya mwombaji kazi, atapeleka jina na namba ya kitambulisho, naye ajibiwe ndani ya wiki, bila malipo: yumo au hayumo. Jibu libaki kati ya mahakama, shule na mwombaji. Na kijana wa miaka 18 aliyefungwa kwa sababu ya mpenzi wake wa miaka 17 asichanganywe na anayewawinda watoto. Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa wenyewe walitaka suala la umri wa ridhaa lijadiliwe.

Dereva wetu ameambiwa kuhusu barua hii na amekubali jina lake likaguliwe. Tumeshaliandika, pamoja na namba ya kitambulisho chake. Tuambie tu tulipeleke wapi.

Mama na mjumbe wa bodi ya shule,
Pwani ya Kenya