Corona na mishipa ya damu: si kila mguu uliovimba "umekanyaga kitu"

Leo turudi kwenye corona. Najua wengine mtasema "dogo, hiyo ishapita". Ni kweli, tarehe 5 Mei 2023 WHO walitangaza kwamba dharura ya dunia imekwisha. Lakini kirusi chenyewe hakijaondoka, na kuna upande wake mmoja ambao mtaani kwetu hatukuwahi kuuongelea vizuri, nao ni mishipa ya damu.

Nimeanza kufuatilia hili kwa sababu ya baba yangu mdogo. Mwezi wa nane 2021 alikohoa kama wiki mbili, akapiga nyungu, akapona, akarudi kazini. Wiki ya tatu mguu wa kushoto ukaanza kuvimba kwenye shavu, wa moto, unauma. Nyumbani kila mtu akawa daktari: amekanyaga! Kuna mtu kamwekea kitu mlangoni. Siku nne tukazunguka kwa mganga, mguu ukachanjwa wembe. Siku ya tano akaanza kukosa pumzi, ndipo shangazi akaita teksi bila kumwuliza mtu. Hospitali wakasema damu imeganda kwenye vena ya mguu, na kipande kimekatika kikapanda mapafuni. Alipona, lakini mpaka leo akipanda ngazi anapumzika mara mbili. Hakupimwa corona wakati ule wa kikohozi, kwa hiyo siwezi kuapa. Ila ukisoma watafiti walichoandika, hadithi inafanana mno.

Kumbukeni na mazingira yenyewe. Takwimu za Tanzania zilisimama Mei 2020 zikiwa kwenye watu 509, zikakaa kimya zaidi ya mwaka. Tukawa tunasema "changamoto ya upumuaji". Jina hilo lilitufanya tuangalie pua na kifua tu. Mvuke wa nyungu unaishia kwenye njia ya hewa, haufiki kwenye vena ya mguu!

Sasa ndani ya mshipa kunatokea nini? Mshipa si bomba tupu. Umetandikwa kwa ndani tabaka moja jembamba la chembe hai linaloitwa endotheliamu. Kazi yake kubwa ni kufanya damu iteleze isigande ovyo, na kuamua mshipa utanuke au ubane. Fikiria sufuria mpya, ugali hauishiki. Ikwangue na steliwaya, kesho ukoko umeng'ang'ania. Ndivyo inavyokuwa. Tabaka likichubuka, chembe sahani zinajikusanya pale zikidhani kuna jeraha, na damu inaanza kuganda mahali ambapo hakuna hata tone lililomwagika.

Kirusi cha corona huingia kwenye chembe kwa kushika kipokezi kiitwacho ACE2. Aprili 2020 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliandika kwenye jarida la The Lancet kwamba wamekuta uvimbe kwenye tabaka hilo katika viungo mbalimbali vya wagonjwa, si mapafu tu. Mwezi uliofuata watafiti wengine walilinganisha mapafu ya watu 7 waliokufa kwa corona na ya 7 waliokufa kwa mafua makali. Vidonge vidogo vya damu kwenye kapilari za mapafu ya corona vilikuwa mara 9 zaidi. Wanachobishania hadi sasa ni kama kirusi chenyewe ndicho kinachubua tabaka, au ni kinga ya mwili inayopandwa na hasira na kupiga hovyo. Kwa mwenye presha au sukari, ambaye tabaka lake lilishaanza kuchakaa, hali inakuwa mbaya zaidi.

Hapa ndipo nataka tubishane kidogo. Julai 2021 Rais Samia alipozindua chanjo kwa Johnson & Johnson, mtaani wimbo ulikuwa mmoja: chanjo inagandisha damu. Haukuwa uongo mtupu. Aprili ile Marekani iliisimamisha kwa siku kadhaa baada ya watu 6 kupata tatizo la kuganda damu kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8. Baadaye wakaongezeka, na Mei 2022 Marekani ikabana matumizi yake. Lakini upande wa pili nani aliusema? Uholanzi walifuatilia wagonjwa 184 wa corona walioko ICU, asilimia 31 wakapata matatizo ya kuganda damu. Najua hesabu hizi hazilingani sawasawa, hao 184 walikuwa mahututi. Hata hivyo tuliogopa mwiba tukakumbatia mti mzima wa miiba, na waliokuwa na maikrofoni hawakutusaidia.

Na haiishii ICU. Utafiti wa Sweden uliotoka 2022, wenye watu zaidi ya milioni moja walioambukizwa, ulionyesha hatari ya damu kuganda miguuni inabaki juu hadi miezi mitatu, na ya donge kwenye mapafu hadi miezi sita. Hata waliougulia nyumbani walikuwemo, ingawa hatari yao ilikuwa ndogo kuliko ya waliolazwa.

Tahadhari kwa wale wa "ngoja ninunue aspirini duka la dawa". Jaribio la RECOVERY, lililoongozwa kutoka Uingereza, liliwapa aspirini baadhi ya wagonjwa kati ya karibu 15,000 waliolazwa, na vifo havikupungua. Heparini inasaidia baadhi ya waliolazwa, lakini kwa dozi ya daktari, maana ikizidi unavuja damu.

Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla, kifua kikibana, au mdomo ukienda upande, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Mtaje daktari kwamba uliumwa kikohozi wiki kadhaa nyuma. Sisi hatukusema, kwa sababu tuliona ni mambo mawili tofauti.

Aliyewahi kuuguza mguu wa namna hii atupie hapo chini, hasa mlioko mikoani. Nataka kujua mlipoteza siku ngapi kabla ya kufika hospitali.